iPod Imewaka, Benga Imeenda

Wasee, msifomati iPod ya mtu kabla hamjaskia hii. Ankol wangu hapa Asumbi ana iPod mini ya 2004. Ilikuwa inakwama, nikaichomeka kwa kompyuta nikaifomati. Ikagoma kuwaka, skrini inaonyesha tu picha ya plagi. Nikajua nimeiua. Kumbe hizo za zamani, ukishazifomati, zinataka chaja ya ukutani ndiyo zimalizie kuandika programu yao. Nikaiweka kwa soketi, ikawaka.

Ikawaka tupu.

Steve Jobs alipoonyesha iPod ya kwanza 2001, sifa kubwa ilikuwa nyimbo 1,000 mfukoni. Sawa, lakini nani aliziweka humo? Benga ya D.O. Misiani na Shirati Jazz ilitoka kwa santuri ikaingia kaseti, na ankol alizihamisha kutoka kaseti moja moja, jioni baada ya jioni. Misiani alifariki 2006, ajali ya barabarani Kisumu. Kaseti za ankol nazo ziliisha kitambo (utepe mwingine niliuvuta mimi, nikiwa mtoto).

Ankol hajanigombeza. Ameishika tu, anazungusha kidole kwa ile duara. Kesho naenda Rongo kuuliza mafundi wa redio. Kama guka au dani yako bado ana kaseti za benga, niandikie.