Mwalimu Hapatikani kwa Siku Moja

Sisi wa Katanika twatamani vijana wetu wafike chuo kikuu. Lakini walimu wa huko hutoka wapi? Tutazame nyuma. Zamani seminari ndiyo ilikuwa njia ya masomo marefu. Kwa njia hiyo Stefano Kaoze, mwanafunzi wa Mpala, alipata upadri mwaka 1917, Mwafrika wa kwanza katika Kongo ya Wabelgiji. Chuo Kikuu cha Lovanium kilianza 1954 tu, na cha Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, 1956. Uhuru ulipofika 1960, Wakongo waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30. Nani basi angefundisha, isipokuwa wageni? Nyumba hujengwa upesi. Mwalimu hutaka miaka. Anayemkatisha mtoto masomo leo, awanyima wajukuu mwalimu wao.