Pampu ya insulini isiyo na mrija

Kifaa kidogo kinachobandikwa kwenye tumbo, mkono au paja la mwenye kisukari na kumpa insulini mchana na usiku, kikiongozwa bila waya. Mojawapo, Omnipod, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005, hubeba hadi yuniti 200 na hubadilishwa kila baada ya siku 3, kila mara mahali papya ili ngozi isiote vinundu. Haivuliwi wakati wa kuoga. Kero kubwa ni gundi: huwasha, na jasho huibandua. Hatari yenyewe iko kwingine. Pampu hutumia insulini ya kasi pekee, hivyo kanula, kijibomba laini kinachopitisha insulini chini ya ngozi, ikipinda, mwili hubaki bila akiba, na asidi ziitwazo ketoni huweza kujaa damuni ndani ya saa chache. Mtumiaji makini hutembea na kalamu ya insulini.