Nyongeza ya Mshahara na Hongo ya Barabarani: Hoja kutoka Njia ya Nakuru

Jopokazi la Maraga kuhusu mageuzi ya polisi nchini Kenya lilipopendekeza mwaka 2023 mishahara ya polisi iongezwe kwa asilimia 40, na serikali ikaanza kuitoa nyongeza hiyo kwa awamu Julai 2024, hoja mbili zilifungwa furushi moja. Ya kwanza ni ya haki: konstebo anayebanana na familia yake katika makao duni ya kambini amedhulumiwa. Jopokazi la awali la mageuzi ya polisi, la Ransley, lilikwisha kuyasema hayo mwaka 2009, na sina ugomvi nayo. Ya pili ni kwamba polisi akishiba ataacha hongo. Hiyo haisimami, hasa kwenye lami inayopandisha matrela ya Mombasa kupitia Naivasha, Gilgil na Nakuru hadi Salgaa.

Watetezi wake huegemea wanauchumi Becker na Stigler (1974): mlipe askari vizuri, ataogopa kupoteza kazi. Nusu ya pili ya nadharia hiyo huachwa njiani, kwamba sharti awepo wa kumkamata. Hata wanauchumi Van Rijckeghem na Weder, wanaotajwa kila mara kama mashahidi wa upande huo, walionyesha kuwa mshahara pekee ungetakiwa kupandishwa mno ndipo uing'oe rushwa.

Ushahidi mzito uko Ghana. Mwaka 2010 nchi hiyo iliongeza mishahara ya polisi takriban maradufu, huku maofisa wa forodha na polisi wa Burkina Faso wakibaki walivyokuwa. Watafiti Foltz na Opoku-Agyemang walichambua safari za malori kwenye barabara zilezile, kabla na baada. Polisi wa Ghana hawakupoa. Walizidi kuwakazania madereva, na kiasi cha hongo kikapanda. Sababu zinajadiliwa, lakini mwelekeo uko wazi.

Nitaambiwa Ghana si Kenya. Kweli, huko nyongeza ilikuwa kubwa zaidi. Kama maradufu hayakutosha, asilimia 40 inayotolewa vipande vipande itafanya muujiza gani?

Tena tunao ushahidi wa nyumbani. Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi ilipowapiga msasa maofisa wa trafiki, ilidai taarifa zao za M-Pesa, na baadhi zikaonyesha fedha zikitoka kwa wadogo kwenda kwa wakubwa wao. Hapo “kitu kidogo” si cha kujazia mshahara tu. Ni kodi ya kupangwa barabarani. Anayepaswa kumkamata konstebo ndiye mwenye fungu lake. Ukimwongezea konstebo mshahara, kodi hiyo haishuki. Huenda mkubwa akaona sasa anaweza kudai zaidi.

Kwa hiyo nyongeza ilipwe yote, kama deni, bila kuhesabiwa kuwa sehemu ya vita dhidi ya ufisadi. Vita hivyo vianzie kwa anayeamua nani asimame kwenye kizuizi kipi, na taarifa zake za M-Pesa zikaguliwe kila mwaka. Nathubutu kusema konstebo wa Salgaa angepunguza hongo hata kwa mshahara wa zamani, iwapo kusingekuwa na mtu ofisini anayesubiri mgao wa jioni.