Kinanda cha kale kitii kompyuta: Mambo ya kujua kabla ya kuunganisha waya

MWANAMUZIKI wa Isiolo anayeagiza sintesaiza ya analogi ya miaka ya 1970 au 1980 kutoka ng'ambo hukabiliwa na maswali mawili. La kwanza ni jinsi ya kuifanya itii kompyuta. La pili, ambalo aghalabu huulizwa baada ya moshi kutoka, ni umeme.

Tuanze na hilo la pili kwa kuwa ndilo linaloua chombo. Umeme wa Kenya ni volti 240. Sintesaiza zilizotengenezewa soko la Marekani huhitaji volti 120 hivi, na za soko la Japani volti 100. Ikichomekwa ukutani moja kwa moja, fyuzi huweza kukatika, transfoma ikaungua au sakiti nzima ikaharibika. Baadhi ya vipuri vyake viliacha kutengenezwa zamani, na fundi anayezifahamu mashine hizi huenda akapatikana Nairobi tu, safari ya takriban kilomita 280. Soma kibandiko kilicho nyuma ya chombo na, ikibidi, tumia transfoma ya kupunguza volti. Umeme ukikatika, chomoa waya hadi utakaporudi na kutulia.

Sasa turejee kwenye kompyuta. Ndani ya sintesaiza ya analogi, volti ndizo zinazoamua noti ipande au ishuke. Kompyuta nayo hufahamu tarakimu tu. Kwa hivyo ni lazima awepo mkalimani kati yao, na mkalimani huyo hutegemea umri wa chombo.

Mwaka wa mpaka ni 1983. Januari mwaka huo, katika maonyesho ya NAMM huko California, Prophet-600 ya kampuni ya Sequential Circuits iliunganishwa na Jupiter-6 ya Roland kwa waya mmoja, na kinanda kimoja kikakiendesha kingine. Mfumo huo uliitwa MIDI. Mwaka wa 2013 Dave Smith na Ikutaro Kakehashi walitunukiwa tuzo ya ufundi ya Grammy kwa kazi hiyo.

Wengi hudhani kwamba waya wa MIDI hubeba sauti. La hasha. Hubeba amri: kibonyezo gani kimeguswa, kwa nguvu gani, na kimeachwa lini. Vibonyezo hupewa nambari kutoka 0 hadi 127, na njia za kupitishia amri ni 16. Amri ya noti moja huchukua takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde kupita. Kwa hivyo noti zikichelewa, usilaumu waya. Mara nyingi kosa limo katika mipangilio ya sauti ya kompyuta.

Mwenye Juno-106 ya Roland, iliyotoka 1984, ana bahati. Sauti yake ni ya analogi lakini ina matundu ya MIDI. Kinachohitajika ni waya wa kugeuza USB kuwa MIDI na kuhakikisha kwamba kompyuta na kinanda vinatumia njia yenye nambari moja. Juno-60 ya 1982 hufanana nayo kwa jina, lakini ina mfumo mwingine wa Roland uitwao DCB na huhitaji kigeuzi chake maalumu. (Wauzaji pia hupenda kuita kila kinanda kikuukuu analogi. Yamaha DX7 ya 1983 ni ya dijitali.)

Kwa mashine za kabla ya hapo, kama Minimoog ya 1970, hutumika kigeuzi cha MIDI kuwa volti. Kampuni za Kenton na Doepfer hutengeneza vifaa hivyo, na kinanda kidogo cha KeyStep cha Arturia kina matundu ya aina hiyo. Katika mashine nyingi, volti moja ni sawa na oktava moja, kwa hivyo nusu toni ni takriban volti 0.083. Korg MS-20 ya 1978 hufuata kanuni nyingine: volti huongezeka maradufu kwa kila oktava. Ukikosea hapo chombo hakifi, ila muziki hupotoka. Badilisha mpangilio wa kigeuzi.

Pia kuna ishara ya pili, ile ya kuanzisha na kukatiza noti. Mashine nyingi hungoja volti zipande. Minimoog ya asili na MS-20 hungoja zishuke hadi sufuri. Noti ikilia bila kukoma, chunguza hapo kwanza.

Sauti yenyewe huingia kwenye kompyuta kwa waya mwingine, kupitia kadi ya sauti. Minimoog hupiga noti moja tu kwa wakati mmoja, hivyo kila sauti ya wimbo hurekodiwa peke yake, kisha zikapangwa juu ya nyingine. Kuna mfano kutoka nchi ya jirani, iliko ishia barabara ya kutoka Isiolo kupitia Moyale: mwaka wa 1985 Hailu Mergia wa Ethiopia, akiwa Marekani, alirekodi albamu kwa kupanga hivyo akodioni, Rhodes, Moog na DX7.

Joto nalo lisipuuzwe. Mchana wa Isiolo waweza kupita nyuzi 30, na sintesaiza hizi hupotoka kadiri zinavyopata moto. Iwashe nusu saa kabla ya kuilinganisha, na ukamilishe wimbo kwa kikao kimoja.

Hatimaye, Minimoog haina kumbukumbu. Kompyuta itahifadhi noti zako zote, ila haiwezi kurudisha vitufe vya kuzungusha mahali vilipokuwa. Vipige picha kwa simu kabla ya kuzima, na uiweke picha hiyo pamoja na faili ya wimbo.