Kati ya Alasiri na Magharibi



Hebu siku moja simama kwenye njia ya mtaa wenu saa kumi jioni, wakati watoto wanatoka skuli. Yule ambaye babake anajiweza amengojewa tuisheni. Mwenzake wa mtaa wa mabanda anafika nyumbani, chumba ni kimoja na kimefungwa kwa kufuli, mama bado yuko sokoni hadi usiku. Afanye nini mpaka Magharibi? Anakaa kwenye kona, na kona haikosi mtu. Sisi kwenye khutba twalaumu unga, twalaumu miraa, twalaumu simu na wazazi. Hizo saa mbili na nusu zenyewe hatuzizungumzi.

Utaniambia madrasa ipo. Ni kweli, alhamdulillah, na mimi mwenyewe ndiko nilikosomea. Lakini tazama ni nani aliye ndani. Wengi ni wadogo. Akishafika miaka kumi na minne, awe amekhitimu ama ametoroka fimbo ya ustadh, hatuna la kumpa tena. Na huo ndio umri ambao wale wa kona wanamtaka.

Tatizo hili si la leo, wala dawa yake. Msikiti wa Mtume (S.A.W.) kule Madina ulikuwa na sehemu iliyoezekwa ikiitwa Suffa. Pale walikaa masahaba maskini wasiokuwa na nyumba wala jamaa mjini. Walikuwa watu wazima wengi wao, si watoto wa skuli, lakini tazama walichopewa: kivuli, mahali pa kulala, chakula kilipopatikana, na elimu, vyote mahali pamoja. Abu Hurayra (R.A.), ambaye hakuna sahaba aliyepokewa hadith nyingi kumshinda, alikuwa mtu wa Suffa.

Tuje kwetu. Lamu, mwishoni mwa karne ya 19, elimu ya dini ilikuwa mikononi mwa nasaba kubwa za mji wa mawe. Watumwa na watoto wao, na wageni waliohamia pembezoni, hawakuwa na nafasi katika darsa hizo ila kidogo. Kumbuka utumwa haukuondolewa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija, angeweza kukaa na wakubwa bila ya mtu kumuuliza. Yeye akaenda kukaa Langoni, ukingoni mwa mji, akafundisha watu hao hao waliodharauliwa. Alianza na kibanda tu. Msikiti wa Riyadha na chuo chake vilikuja katika miaka iliyozunguka 1900, na baada ya hapo wanafunzi walikuja kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Alifariki 1935.

Wapo wanazuoni wa wakati ule waliompinga, hasa kwa matari yaliyopigwa katika maulidi yake. Sitaki kuingia katika mjadala wa maulidi hapa, kila mmoja ana shekhe wake. Ninalotaka ulione ni jambo jengine: aliwafuata vijana mahali walipokuwa, na hakuona haya kuanza na kitu wanachokipenda.

Zamani hizo hizo, mwaka 1889, kule Chicago, Marekani, wanawake wawili, Jane Addams na Ellen Gates Starr, walihamia kwenye nyumba moja katika mtaa wa wahamiaji maskini, wakaifungua kwa majirani. Ikaitwa Hull House. Kulikuwa na chekechea, klabu za wavulana na wasichana, mafunzo ya muziki na kazi za mikono, na baadaye uwanja wa kuchezea. Addams alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1931. Nitarudi kwao, maana mwisho wao una funzo.

Karibu zaidi nasi ni Mathare, Nairobi. Mwaka 1987 Mkanada mmoja, Bob Munro, aliyekuwa akifanya kazi za mazingira na Umoja wa Mataifa, aliwaona watoto wakicheza mpira wa makaratasi yaliyofungwa kwa kamba. Walitaka mpira wa kweli, na refa. Akakubali kuwasaidia, lakini kwa sharti: nao wafanye kitu kwa mtaa wao. Kitu chenyewe kilikuwa wazi, hakikuhitaji semina. Taka zilijaa kila mahali na mitaro ilikuwa imeziba, na gari la baraza la jiji halikuwa likiingia Mathare. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Mathare Youth Sports Association, wengi twaijua kwa jina la MYSA.

Kanuni yao ilikuwa rahisi, na mimi naiona ni ya akili sana. Timu ilipata pointi za ligi kwa kushinda uwanjani, na ilipata pointi nyengine kwa kutoka na majembe na mikokoteni kusafisha mtaa. Ukicheza vizuri na usizoe taka, ubingwa huupati! Mwaka 1992, kwenye mkutano mkubwa wa mazingira wa Rio de Janeiro, kazi hiyo ilitunzwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Fikiria, watoto wa mabanda wanatuzwa ng'ambo kwa mitaro ya kwao.

Lililowashika vijana zaidi ya mpira ni kwamba walipewa kazi. Ligi ziliendeshwa na viongozi waliochaguliwa miongoni mwao, wengi bado ni wanafunzi. Aliyejitolea sana kufundisha wadogo, kuchezesha mechi ama kusafisha alijikusanyia pointi, na zile pointi zikageuzwa karo, ikalipwa moja kwa moja skulini kwake. Kukawa na maktaba ya kufanyia kazi za skuli, maana nyumbani kuna taa moja na watu saba. Mwaka 1997 wengine walipewa kamera ndogo za plastiki wapige picha za maisha yao wenyewe, na picha zikatoka kitabu 1999.

Wasichana waliingia uwanjani 1992, na haikuwa rahisi. Wazazi walikuwa na hoja: saa hizo ndizo za msichana kuteka maji, kupika na kubeba mdogo wake. (Sisi nasi, tukisema "vijana", mara nyingi twamaanisha wavulana. Dada zetu wanasubiri mpaka lini?) Na kutoka kwa wale wa mpira wa makaratasi ikazaliwa Mathare United mwaka 1994, iliyochukua ubingwa wa ligi ya Kenya 2008.

Sasa pesa. MYSA kwa miaka mingi ilitegemea wafadhili wa ng'ambo, Norway wakiwemo. Hull House ilifika mahali sehemu kubwa ya mapato yake ilitoka serikalini. Mapato yakapungua, madeni yakazidi, na Januari 2012 shirika lililobeba jina lile likafunga milango, zaidi ya miaka 120 baada ya kuanza. Hilo linanitia wasiwasi kila nikisikia vijana wenzangu wakisema "tuandike barua kwa mfadhili" kabla hata hawajafagia chumba.

Sisi tuna wakfu. Pwani kuna misikiti ambayo kodi ya maduka yake imelipa mafuta ya taa na imamu tangu babu zetu. Kodi ya duka moja tu yaweza kununua uji wa jioni na kumpa nauli mwanafunzi wa chuo kikuu aje kufundisha hesabu siku tatu kwa wiki. Mpira tutanunua kwa mchango. Futari twachanga kila mwaka na haitushindi, lakini Shawwal ikiandama kila mtu huenda zake na watoto wanarudi kwenye kona.

Basi kabla ya Idd, ndugu msomaji, muulize mzee wa kamati mambo mawili: ufunguo wa darasa za madrasa uko kwa nani saa kumi na moja jioni, na je, yuko tayari kuukabidhi kwa vijana wa miaka kumi na sita, wao wenyewe wafungue na wafunge?