Miaka 35 ya Kungoja: Aniceti Kitereza na Raha ya Kuandika Bila Tarehe

Sisi tuliofundisha Kiswahili katika shule za sekondari tulizoea insha inayoandikwa kwa saa ya ukutani. Mwanafunzi hupewa mada, huhesabiwa dakika, huweka utangulizi, kiini na hitimisho, kisha kengele hulia. Zoezi hilo lina kazi yake, maana mtihani hauna budi kupima. Lakini wastaafu wenzangu wa Ngara na Biharamulo, ambao siku hizi wameshika tena kalamu, huniuliza swali lisilomo katika mtihani wowote. Mtu asiyedaiwa kazi na yeyote, asiyewekewa tarehe ya kuikabidhi, anaandika nini, na kwa nini asiiache njiani? Jibu bora ninalolijua linatoka kisiwani Ukerewe, na limepitia jirani kabisa na kwetu.

Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896. Mwaka 1909 alivushwa ziwa akapelekwa katika seminari ya Rubya, nchi ya Ihangiro, ambayo leo ni wilaya ya Muleba inayopakana na Biharamulo kwa upande wa kaskazini. Alisoma hapo takriban miaka kumi, akajifunza Kilatini na lugha nyingine za Ulaya. Mwaka 1919 alikuwa ameacha njia ya upadri, akarudi kwao akaoa. Akaishi maisha ya kawaida ya msomi wa zama zile, kazi za ukarani na za misheni, na jioni kwake.

Katika maisha hayo aliandika riwaya. Mchapishaji aliyeiagiza hakuwapo, wala shindano lililoitangazia zawadi. Aliyemhimiza ni Padri Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada, na lililomsukuma ni hofu kwamba lugha na desturi za Wakerewe zingesahauliwa na wajukuu. Aliimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Myombekere na mkewe Bugonoka wanapendana, lakini hawana mtoto. Wazazi wa Bugonoka wanamrudisha binti yao nyumbani, na Myombekere anakwenda ukweni kumwomba. Anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Baadaye mganga anawatibu, wanapatikana mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na wa kike, Bulihwali. Mwandishi aliyebanwa na tarehe angeyamaliza hayo katika kurasa mia moja. Kitereza ametumia mamia ya kurasa, na toleo la Kiswahili likagawanywa katika vitabu viwili. Faini ya pombe haitajwi tu ikapita, bali pombe yenyewe inapikwa mbele ya macho ya msomaji. Mgeni hafiki tu, bali anapokewa na kusalimiwa kwa utaratibu wake, anakaribishwa chakula na kuagwa. Wapo wanaoona riwaya hii inakwenda polepole mno. Kwa maoni yangu, upole huo ndio uhuru wake. Mwandishi alibaki kila mahali kwa muda ule ambao jambo lenyewe lilihitaji.

Hapa nisieleweke vibaya. Historia ya fasihi yetu haisemi kwamba wakati ni adui wa kalamu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga mashairi yaliyojibu siasa na vita vya mji wake, na jibizano lililochelewa lingekuwa limepoa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi, na kila malenga anajua raha ya kujibiwa upesi. Shairi la namna hiyo huishi kwa haraka yake. Lakini ipo kazi nyingine ambayo haraka huiua. Shaaban Robert, aliyeingia utumishi wa serikali mwaka 1926 na kuandika kandokando ya ajira, alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru juu ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, utenzi mrefu uliochapishwa mwaka 1967, yeye akiwa amefariki mwaka 1962. Utenzi wa urefu huo hautungwi na mtu anayetazama saa.

Methali husema subira huvuta heri. Heri ya Kitereza ilichelewa sana njiani. Juhudi za kuichapa riwaya kwa Kikerewe hazikufaulu, kwa kuwa wasomaji wa lugha hiyo walionekana wachache. Basi mzee akaketi tena na kuiandika upya yote kwa Kiswahili, kwa mkono wake, katika umri ambao wengi wetu tunaandika barua za mirathi tu. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla ya kukishika kitabu chake. Baadaye kilitafsiriwa kwa Kijerumani, na kwa Kiingereza na Gabriel Ruhumbika, mwana wa Ukerewe vilevile, tafsiri iliyotoka mwaka 2002.

Je, mtu huyu alipata raha gani? Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu Kitereza na mkewe walizaa, lakini watoto wao hawakuishi. Aliyeandika juu ya nyumba inayolilia mtoto aliijua nyumba hiyo kwa ndani. Hata majina ya watoto wa riwayani yamebeba msiba. Ntulanalwo ni mtu anayekaa na kifo siku zote, na Bulihwali ni swali: huzuni itakwisha lini? Kwetu pia jina la mtoto laweza kubeba kilio cha wazazi wake, kwa hiyo msomaji wa Ngara hahitaji kuelezwa mengi. Sithubutu kusema kwamba Kitereza aliandika ili ajifariji. Nasema tu kwamba jambo la namna hii haliwezi kupangiwa siku ya kukabidhiwa. Raha yake si kicheko. Ni raha ya mtu anayeruhusiwa kukaa na jambo lake mpaka aliseme lote.

Nimelionja kidogo hilo baada ya kustaafu. Ninalo daftari ambamo naandika desturi na visa vya kijijini, kwa Kiswahili kilichobeba Kihangaza mgongoni. Nilipofika kwenye pombe ya ndizi nilimwendea bibi mmoja jirani, nikamwomba anieleze inavyopikwa. Akaniambia, "Mwalimu, hili si la kuelezwa. Mtama bado uko shambani. Njoo tukishavuna, uone mwenyewe." Nikangoja tangu masika hadi kiangazi. Ndipo nilipoona ndizi zikitolewa shimoni zilikoivishwa, zikimenywa na kukamuliwa kwa nyasi, maji yake yakichujwa, kisha unga wa mtama uliokaangwa ukitiwa ili ichachuke. Kila hatua ilikuwa na neno lake, na baadhi ya maneno hayo nilikuwa sijayasikia tangu utotoni. Kama ningedaiwa ukurasa ule wiki ileile, ningeandika "wakapika pombe" nikaendelea na safari.

Hata hivyo, kutokuwa na tarehe si kutokuwa na mwisho. Msahihishaji hatudai, lakini usahaulifu unatudai. Kihangaza na Kishubi vinazungumzwa nyumbani kila siku, ila maneno ya kazi za zamani yamebaki kwa wazee, na wazee hawatungoji. Kitereza alijua hivyo, na kwa hiyo alifanya mambo mawili ambayo mpenda uhuru wa kalamu anaweza kuyasahau. Alimaliza, kisha akaiandika upya kazi yake kwa lugha ambayo wengi wangeweza kuisoma. Bila jambo la pili, leo tungekuwa tunasikia habari za riwaya badala ya kuisoma.

Kwa malenga na waandishi wenzangu, hasa wale waliokwisha kukabidhi funguo za ofisi, ushauri wangu ni mdogo. Chagueni jambo moja mnalolijua kuliko wengine. Lisubirini msimu wake, mkaulize, mrudi tena mkaulize. Msilifupishe kwa hofu ya msomaji ambaye bado hajazaliwa. Na mkifika mwisho, nakilini nakala ya pili, mmpe kijana anayesoma Kiswahili aitunze kwake. Kitabu kinaweza kungoja miaka 35, mradi karatasi zenyewe zisipotee.