Dhamana ya Kalamu

Neno kalamu limetujia kwa Kiarabu, na asili yake ni unyasi. Mwandishi wa pwani aliuchonga mwenyewe. Ncha ikichakaa, kisu kilitosha. Mwenye kalamu ndiye aliyekuwa fundi wake.

Kalamu ya wino ya fahari ilimwondolea mwenyewe ufundi huo. Mwaka 1939 kampuni ya Parker, ya Janesville, Marekani, ilianza kuzitia baadhi ya kalamu zake alama ya almasi ya buluu, yaani dhamana ya maisha ya mwenye kalamu. Hata hivyo, matengenezo yalitozwa senti 35. Tume ya Biashara ya nchi hiyo ikaipinga lugha ya ahadi hiyo, na mwaka 1946 shauri likafika mahakama ya rufani.

Senti 35 zilikuwa chache. Njia ndiyo iliyokuwa ndefu. Kutoka Matiri, kifurushi kingepita Mbinga na Songea hadi pwani, ndipo kivuke bahari. Karakana za misheni ya Peramiho zilikuwa karibu zaidi, lakini nibu ya dhahabu si kazi ya seremala wala mhunzi.

Bic, iliyotoka Ufaransa mwaka 1950, haikuahidi kitu. Ikiisha wino, hununuliwa nyingine dukani. Safari imeondoka, na fundi ameondoka nayo.